Pete Nane za Lwansenga

Kigangoni, Kaengesa
9 Machi 1958

Mjukuu wangu Basil,

Kabla sijakusalimu: kuna jambo la kifo cha baba yako ambalo nimelificha kwa miaka ishirini na moja. Tangu ukiwa mdogo nimekwambia kwamba Evaristi alichukuliwa na maji penye daraja la mto Lwansenga, daraja alilolijenga kwa mikono yake, na kwamba kosa lilikuwa la mvua. Maji yalimchukua kweli. Kuhusu kosa, sikukwambia yote. Nimeliandika hili mwanzoni ili nisije nikaliahirisha nikifika chini ya karatasi, maana najijua.

Sasa salamu. Hapa tunaendelea. Bibi yako Adela ana nguvu kunishinda. Miguu yangu imevimba hadi magotini, na mganga wa zahanati anasema moyo umechoka. Hakutaja miezi, nami sikumwuliza. Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Namtambua mtu anapoficha namba.

Kaka yangu Marselino amefariki kule Namanyere, Jumatano ya Majivu. Ni babu yako mkubwa, yule fundi wa chuma. Humkumbuki, kwa kuwa alihama hapa ukiwa bado unabebwa mgongoni na hakurudi tena. Sikuweza kwenda mazishini. Bibi yako alikwenda kwa lori la Bashiri. Anasema wamemzika vizuri. Mtu mmoja alimwuliza mbona mdogo wa marehemu hakuja. Akajibu, "Anaumwa." Yule mtu akasema, "Alianza lini?" Bibi yako hakuelewa na mimi sikumfafanulia.

Mchwa wamekula mguu mmoja wa kihenge cha ulezi. Bibi yako anataka tukihamishie upande wa jikoni. Nimemwambia kitakaa palepale. Anasema mimi ni mkaidi hata kwa vitu visivyo na masikio.

Lile jambo nitakueleza katika barua nyingine, leo mkono umechoka. Niandikie habari za masomo. Kuhusu idara, neno langu ni lilelile: chukua ujenzi.

Babu yako,
Leonardi


Chuoni, Nairobi
6 Aprili 1958, Pasaka

Babu, shikamoo.

Mpe bibi salamu zangu. Mwambie mume wake mdogo yu hai, anakula mkate mweupe, na bado hajamwona mwanamke wa kumzidi. Wewe unakaa naye kwa niaba yangu tu, usijisahau.

Barua yako ilichukua siku kumi na tatu. Nilipoona imeanza bila salamu nilikaa kitandani kwanza, ndipo nikaendelea kusoma. Poleni kwa msiba wa Babu Marselino. Mama aliwahi kuniambia kwamba ndiye aliyenifulia kijembe cha kuchezea. Nilipomwuliza kwa nini haji kututembelea, alisema, "Waulize wazee." Nilikuuliza wewe, ukaniambia nikaangalie ng'ombe.

Huku kuna jambo ambalo litakupendeza kama mwalimu. Bwana Pritchard anayetufundisha hesabu anafanya uchunguzi juu yetu. Alitugawia karatasi wanafunzi wote sitini na wawili, yenye maswali matatu: kwa nini umekuja kusomea uhandisi, umechagua idara gani, na ni kitu gani kingekufanya uache. Majina hayaandikwi. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, ambayo ni kazi ya fimbo yako, aliniomba nimsaidie kupanga majibu.

Babu, majibu yamejipanga yenyewe. Wa umeme wanataja kitu walichokiona: taa ya stesheni, redio ya Bwana Shamba, waya uliopita juu ya kijiji bila kusimama. Wa mitambo wanataja kitu walichokigusa, na mara nyingi walikiharibu. Wa ujenzi, karibu wote, wanataja mtu. Baba. Shangazi aliyejifungulia njiani kwa kukosa barabara. Chifu aliyesema, nenda ukaturudishie kitu.

Lukmani, mtoto wa Bashiri, tuko naye bweni moja. Yeye yuko mitambo. Ameandika kwamba lori la baba yake liliwahi kukwama siku nne, akafungua injini, akaifunga, ikawaka, lakini akabaki na skrubu mbili mkononi. "Mpaka leo sijui zilitoka wapi. Nimekuja chuoni kuzitafutia mahali pake."

Nikamwambia, "Majina hayaandikwi, lakini hii ya skrubu ni yako."

"Na hii ya daraja ni yako," akasema. "Wewe Mfipa umekuja kusomea marehemu, mimi nimekuja kusomea lori. Tuone nani atamaliza."

Nilicheka, lakini nilipompelekea Bwana Pritchard karatasi zake alisema jambo linalofanana na hilo. Alisema amewafundisha vijana wengi, na wanaotaja mtu huanza kwa bidii kuliko wenzao wote, kisha hukwama mwaka wa pili kwa sababu mtu yule hayumo vitabuni. Akaniuliza, "Kama hakuna aliyekufa katika daraja lolote, ungesomea nini?" Nilitaka kusema ujenzi. Nikasema chuma.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Labda kwa kuwa wiki ile tulikuwa karakanani tukiyeyusha chuma, na harufu yake ilinirudisha nyuma ya kilima chetu, penye lile ilungu la Babu Marselino lililobomoka, lile tanuru refu kuliko mtu. Unakumbuka ulinipiga nilipokuwa nacheza ndani yake? Nilikuwa na miaka tisa. Ni mara pekee uliyonipiga nje ya darasa. Sikuwahi kujua kwa nini.

Elimu ya chuma iko chini ya mitambo. Fomu za kuchagua idara zinarudishwa tarehe 30 Septemba, na baada ya hapo hakuna kubadili, kwa kuwa msaada wa serikali unafuata idara.

Nina ombi. Tumepewa zoezi la kueleza jengo lolote lililoanguka na sababu yake. Nimechagua la Lwansenga. Nahitaji vipimo. Na nasubiri lile jambo.

Mjukuu wako,
Basil


Kigangoni, Kaengesa
11 Mei 1958

Mjukuu wangu Basil,

Marahaba. Bibi yako anasema mume anayekula mkate mweupe arudi amenenepa, la sivyo ataendelea na huyu mzee hivyohivyo alivyo.

Mama yako Cornelia ametoka kwake Chanji kuja kutusaidia mahindi. Mumewe na watoto hawajambo. Naye amesema kihenge kihamishwe. Nimeweka jiwe chini ya mguu ulioliwa, na kimesimama sawasawa. Mvua zimekwisha, asubuhi ni baridi, mimi naota jua kama mjusi.

Vipimo ni hivi. Mto ulikuwa na upana wa futi thelathini na nane wakati wa kiangazi. Nyanda zetu unazijua, ni majani matupu. Gogo la futi arobaini hulipati mpaka ushuke kwenda ziwani. Kwa hiyo baba yako alijenga nguzo ya mawe katikati ya mto, akaunganisha magogo mawilimawili juu yake, ncha moja imelalia nyingine. Safu zilikuwa nne. Viungo vilifungwa kwa kamba za magome ya miyombo. Juu yake fito na udongo. Lilibarikiwa Jumapili tarehe 31 Januari 1937. Lilivunjika Jumanne tarehe 9 Februari, na siku iliyofuata, ya Majivu, tukampata baba yako chini, penye matete. Alikuwa peke yake darajani. Alikwenda kukaza kamba.

Kuhusu ilungu. Fundi mkuu wa tanuru lile alikuwa na kikapu chake, kinaitwa intangala, chenye mizizi na vitu vingine vya dawa, na bila kikapu hicho hakuna aliyethubutu kuwasha moto. Kikapu kile kilikuwa cha baba yetu, kikamwendea Marselino kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi sikuwa na cha kurithi, ndiyo maana nilipelekwa misheni. Huko nikawa mwalimu wa dini, na mwalimu wa dini hawezi kumwacha mjukuu wake acheze mahali palipofukiwa dawa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa wakati ule.

Uchunguzi wa Bwana Pritchard sikuupenda sana. Mtu hasomi kwa sababu aliyojitungia. Anasoma kwa sababu aliyopewa, na akishaizoea anaiona ni yake. Mimi nilikupa yako, na imekufikisha Nairobi.

Lile jambo bado. Usinikimbize.

Babu yako,
Leonardi


Chuoni, Nairobi
22 Juni 1958

Babu, shikamoo.

Natumaini miguu imepata nafuu. Mimi sijambo, mafua tu. Bibi nimemsikia, nimeongezeka ratili nne.

Daftari la baba limefika. Lilikuwa ndani ya kifurushi cha Lukmani kutoka kwao, limefungwa katika kipande cha kanga ya bibi. Hukulitaja katika barua yako, kwa hiyo sijui kama unajua kwamba limetumwa. Kama hujui, tafadhali usimgombeze.

Sikujua kwamba baba alichora. Mistari yake imenyooka kuliko yangu. Ukurasa wa kumi na nne kuna daraja la Lwansenga lilivyo katika vipimo vyako: nguzo ya mawe, safu nne, magogo yamelaliana katikati. Lakini kwenye kila kiungo amechora pete mbili. Pembeni ameandika: "Pete za chuma 8. Baba mkubwa, baada ya Noeli." Hakuna kamba popote katika mchoro ule.

Niliamua kujaribu. Magome ya miyombo huku sikuyapata, nikatumia katani. Mimi na Lukmani tulitengeneza kiungo kimoja kwa vijiti, theluthi ya ukubwa wake, tukakifunga kwa kamba, kisha tukakilowanisha siku tatu. Lukmani akakaa juu yake awe ndiye mzigo, akasema, "Andika kwamba marehemu alikuwa mzito." Kisha akashuka, akaniomba radhi. Nilimwambia akae tena, kazi haijaisha. Kamba ililegea na vijiti vikaachana. Tulipoweka pete mbili za chuma za karakanani, hakikusogea hata tulipokaa wawili. Nimefanya hesabu mara mbili na Bwana Pritchard ameikagua. Daraja lile likiwa na pete zake nane lingebeba lori la Bashiri.

Kwa hiyo haikuwa mvua. Na baba hakukosea, maana aliujua udhaifu wa kiungo kabla ya mtu yeyote na akauandikia dawa yake. Babu, ulisema ni mvua, lakini mimi nilidhani alikosea, na tangu nikiwa darasa la kwanza nimesoma ili nisirudie kosa lake. Kama hakuwa na kosa, mimi nasomea nini? Ninapoingia darasa la ujenzi sasa najiona kama mtu aliyefika matangani akaambiwa aliyekufa si huyo.

Tarehe 30 Septemba nitajaza fomu. Nikiandika ujenzi nataka iwe ni kwa sababu ninayoijua, na nikiandika mitambo vilevile. Nakuuliza swali moja tu. Pete zilikwenda wapi? Babu Marselino hakuzifua?

Mjukuu wako,
Basil


Chuoni, Nairobi
27 Julai 1958

Babu, shikamoo.

Ni wiki ya tano sina jibu. Lukmani amepata barua mbili kutoka kwao katika muda huohuo, kwa hiyo njia iko wazi. Kama unaumwa, mtu mwingine aniandikie. Kama swali langu limekukosea heshima, unisamehe, lakini siliondoi.

Basil


Kigangoni, Kaengesa
10 Agosti 1958

Kwa Basil,

Hii inaandikwa na Margareth, mwalimu wa darasa la pili, kwa maneno ya Mzee Leonardi, kwa kuwa mkono wake unatetemeka.

Marahaba. Barua zako zote mbili zimefika. Ulezi umevunwa na umekuwa mzuri. Upepo ni mkali, umeezua paa la banda la kuku. Padre alikuja kumpaka mzee mafuta matakatifu, na mzee akakaa siku mbili bila kula, sasa anakunywa uji. Bibi yako anakiri kwamba daftari alilituma yeye. Anasema lilikuwa la mwanawe, na sasa amempa mume wake mdogo.

Mzee anasema kamba za magome zilikuwa nzuri, kadiri kamba inavyoweza kuwa nzuri.

Nilimwuliza kama kuna lingine. Akasema lipo lakini si la mkono wangu. Nami nakusalimu, ingawa hatufahamiani.

Kwa niaba ya babu yako,
Margareth


Kigangoni, Kaengesa
31 Agosti 1958

Mjukuu wangu Basil,

Bibi yako hajambo. Cornelia amerudi Chanji. Upepo umepungua na watu wameanza kuchoma majani. Hizo ndizo habari.

Barua iliyotangulia haikuwa na kitu kwa sababu sikutaka kumbebesha Margareth, mtoto wa watu. Hii ni kwa mkono wangu. Nimeianza Jumatano, naandika mistari michache, nalala, naendelea. Bashiri ataibeba kesho mpaka Mbeya, nami nimehesabu siku: itakufikia kabla ya fomu yako.

Kwanza hiyo idara. Nilitaka daraja lijengwe na mtu wa nyumba hii kabla sijafa. Nilitaka hivyo kwa haja yangu. Nikakutwisha haja hiyo ukiwa na miaka sita, hujajua hata kuandika jina lako, na nikaiita kumbukumbu ya baba yako. Katika karatasi ya Bwana Pritchard uliandika Evaristi. Ungeandika Leonardi, ungekuwa karibu zaidi na ukweli. Sasa chagua unachokitaka. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Marselino alizifua. Aliwasha moto wake Oktoba 1936, ilungu la mwisho kuwashwa huku kwetu, kwa kuwa vijana walishaanza kununua majembe ya dukani. Evaristi alinifuata kwanza. Alisema, "Baba, nataka pete za baba mkubwa. Za dukani sijui zitafika lini. Lakini zitatoka kwenye ilungu, na kikapu kitakuwapo." Nilimwambia, "Chuma ni chuma." Nilisema hivyo kwa moyo mweupe.

Kabla ya Noeli Padre akatangaza kwamba atakuja kulibariki daraja, na kwamba siku hiyo atamtaja mwalimu mkuu wa shule mpya. Walimu tulikuwa wawili, mimi na Felisiani, mtu wa hukuhuku, na Felisiani alijua kila kitu kilichotoka kwenye kila ilungu. Nikaanza kuyafikiria maji ya baraka yakidondokea pete zile, na Felisiani akimnong'oneza Padre zimetoka wapi. Nilifikiria hilo kila siku, hata nikifundisha.

Niliandika kwa Mzee Abdala, baba yake Bashiri, aliyekuwa na duka mjini, aniletee bolti na mikanda ya chuma. Alijibu kwamba vitapakiwa kwenye lori la kwanza kutoka Mbeya. Mvua ikakata barabara. Vilifika Aprili. Nilivitoa vikafungie paa la shule, na ndivyo vilivyolishika mpaka leo. Umesoma chini yake.

Marselino alikuja na pete tarehe 20 Januari, mchana, Evaristi yuko mtoni. Alizibeba begani, zimetungwa kwenye mti. Alizishusha hapa uani, akakaa, akaomba maji.

"Mwambie mwanangu asizipige nyundo zikiwa za baridi," alisema. "Azipashe moto kwanza, azivishe, aziache zibane zenyewe."

"Nitamwambia."

"Wewe unazionaje?"

Nilisema ni nzuri. Zilikuwa nzuri. Alipoondoka, akiwa njiani kwenda kuuza majembe Namanyere kwa wiki kadhaa, nilichimba chini ya kihenge cha ulezi nikazifukia. Kihenge kimejengwa upya mara tatu, mahali pake hapajabadilika. Bibi yako amekuwa akijaza ulezi juu ya pete hizo kila mwaka na kunilaumu kwa ukaidi. Leo asubuhi nimemwambia akihamishe. Amekwenda kuita vijana wawili.

Evaristi aliporudi jioni ile aliuliza, nikamwambia pete hazijafika. Siku ya baraka ilikuwa imekwisha kupangwa, watu wamekwisha kualikwa, akafunga kwa kamba. Alisema, "Zitakaa mpaka pete zije, nikizikaza kila mvua ikinyesha." Na ndivyo alivyofanya. Alikwenda kila siku.

Baada ya mazishi Marselino alikuja. Hakukaa. Alikuwa ametoka mtoni, miguu ina matope, na mkononi alikuwa na kipande cha kamba.

"Nilikuletea pete," alisema.

"Uliniletea."

"Zote nane."

"Zote nane."

Akaitazama ile kamba, akaiweka chini kwa utaratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Mwezi uleule alihamia Namanyere. Hakuwasha ilungu tena na hakumwambia mtu. Ninajua hakumwambia kwa kuwa watu waliendelea kuniamkia kama zamani. Labda yule aliyemwuliza bibi yako mazishini alisikia kitu. Kila Pasaka nilingoja Marselino aseme. Mwaka huu amekufa, na sikuweza kuvumilia kuwa nimebaki peke yangu ninayejua.

Kitubio nilikwenda, Kwaresima ileile. Nilimwambia Padre kwamba nilikuwa nimezuia vyuma vya ilungu visitumike katika kazi ya kigango. Akasema nilifanya vema. Sikumwambia kwamba kulikuwa na daraja. Mwezi huu, alipokuja na mafuta, nimemwambia yote, akasema niliyemkosea hayupo lakini mtoto wake yupo. Nilikuwa ninalijua hilo bila yeye.

Utaona kwamba mpaka hapa nimejieleza vizuri. Nilihofia baraka, nilihofia Felisiani, niliagiza chuma kingine, barabara ikakatika. Nimejieleza hivi miaka ishirini na moja, na kila mara hesabu inakuja sawa kwa sababu kuna tarehe moja naiacha.

Tarehe 31 Januari daraja lilibarikiwa. Misa ilipokwisha nilitajwa mwalimu mkuu mbele ya watu wote, na Felisiani akanipa mkono. Tangu saa ile sikuwa na sababu tena ya kuzificha pete. Ningeweza kuzifukua kesho yake, nikasema zimefika.

Tarehe 9 Februari asubuhi mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi yake. Evaristi alisimama uani akiwa amejifunika gunia kichwani, kwenye upenu wa kihenge, apate pakavu. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako mlangoni, unamchekea. Alisema kamba zimelegea sana, anakwenda kuzikaza. Akaniuliza, "Baba, pete za baba mkubwa bado?"

Alikuwa amesimama juu ya pete hizo. Nikasema, "Bado."